Sehemu ya saba: Luton, nahodha aliyeanguka, na Kipa wetu wa Kasanga

 

Sehemu ya sita tuliishia kwa mama anayerudi shambani na maziwa yanamjaa kifuani. Niliahidi leo tutaongea mafua na kikohozi. Tutaongea, ila sio leo. Leo ni mpira. Najua, najua, wengine mmeshaanza kupandisha juu. Nisomeni kwanza.

Sio Simba wala Yanga. Ni Luton Town, timu ya Uingereza, na ule msimu wao wa 2022/23 walipokuwa daraja la pili, ligi wanayoiita Championship. Mama mmoja wa nyumbani Kasanga ameniomba niandike habari za mwanae ili wengine wajifunze, na habari za huyo mtoto huwezi kuzitoa kwenye Luton, maana hata yeye mwenyewe akikuhadithia ugonjwa wake anaanzia huko. Mama yake nimemsomea haya yote kwa simu kabla sijayaweka. Jina la mtoto siandiki. Tutamwita Kipa.

Luton nimeijuaje mimi? Kupitia kliniki ya watoto. Mama kanipa kadi ya mtoto, naifungua niandike uzito, kikaratasi kikaanguka. Nikakiokota: Luton, Preston, Millwall, Coventry, kila mmoja na namba zake pembeni. Nikamuuliza, mama, hawa ndio akina nani? Akasema, "Sista, muulize baba yake." Tulicheka wote wawili, halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu.

Jioni nikamuuliza mdogo wangu, ni dereva wa bodaboda hapa Sumbawanga, mambo hayo anayajua kuliko namba yake ya NIDA. Akanieleza kwamba Ligi Kuu ya Uingereza mara nyingi inachezwa wikiendi, ila Championship inachezwa na katikati ya wiki pia, Jumanne na Jumatano, kwa hiyo mwenye mkeka hakosi mechi. Timu 24, kila moja inacheza mechi 46, kuanzia Agosti hadi Mei. Hesabu kwa kalenda ya kwetu: tangu watu wanachoma matofali mpaka mahindi mapya yanaanza kuvunwa. Timu mbili za juu zinapanda Ligi Kuu moja kwa moja. Msimu ule wa 2022/23 ya tatu hadi ya sita zilichujana zenyewe kwa zenyewe kugombea nafasi moja iliyobaki, na fainali yake ikachezwa Wembley, London. Kwa hiyo unaweza kucheza mechi 46, ukamaliza wa tatu, halafu mwaka mzima ukaamuliwa na penati moja.

Kuhusu mkeka sitahubiri, sio mada ya leo. Nasema tu kwamba nauli ya rufaa ikishaingia kwenye mkeka haitoki kirahisi, na mimi ndiye ninayekaa na yule mama kwenye benchi asubuhi inayofuata.

Sasa Luton. Mdogo wangu aliwapenda kwa sababu walimlipa mara mbili, mimi niliwapenda kwa sababu ya nguo zilizoanikwa. Uwanja wao unaitwa Kenilworth Road, msimu ule ulikuwa unabeba watu kama elfu kumi tu. Kwa Mkapa pale Dar wanaingia elfu sitini. Mlango wa mashabiki wageni umepita katikati ya nyumba za watu, yaani nyumba, nyumba, tundu la kuingilia, nyumba. Ukishapita unapanda ngazi huku unaona nyuma ya nyumba za wenyeji, kamba za nguo, baiskeli za watoto. Mdogo wangu aliponionyesha picha nilidhani ananitania. Fikiria unaenda kuangalia mechi ya ligi, halafu unapita uani kwa mtu pale Kasanga karibu na bandari, unamwambia "hodi mama, samahani", anakusogezea beseni upite. Hata Nelson Mandela yetu hapa Sumbawanga, ambayo Simba na Namungo walichezea fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020, ina heshima zaidi pale mlangoni.

Na hiyo timu ilikuwa imeshazikwa. Ilishuka kutoka daraja la juu kabisa mwaka 1992, miezi michache kabla ya hii Ligi Kuu ya sasa kuanzishwa, kwa hiyo haikuwahi kuicheza hata siku moja. Ikaendelea kushuka. Msimu wa 2008/09 ikakatwa pointi 30 kwa matatizo ya fedha na uongozi, ikaangukia daraja la tano, kwa watu ambao wengine wana kazi zao nyingine za kila siku. Ikakaa huko miaka mitano. Mwaka 2014 ndo ikaanza kupanda.

Kwenye kupanda huko kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Pelly-Ruddock Mpanzu. Amezaliwa London, wazazi wake wametoka Kongo. Alijiunga na Luton mwaka 2013 ikiwa daraja la tano na akapanda nayo ngazi zote. Mnajua Kasanga boti za Kongo zinakuja kupakia saruji na mizigo mingine, na mabaharia wake wakikaa kusubiri mzigo wanaangalia mpira na vijana wetu. Siku moja jina la Mpanzu likatajwa kibandani, mzee mmoja wa boti akasimama: "Ule ni mutoto ya kwetu!" Tangu hapo Luton ikapata tawi Kasanga. Tawi la watu saba hivi, pamoja na Kipa.

Msimu wenyewe ulikuwa wa misukosuko. Novemba 2022 kocha wao, Nathan Jones, akaondoka kwenda Southampton waliokuwa Ligi Kuu. Na ilikuwa mara ya pili kuwaacha njiani, mwaka 2019 alishawaacha akaenda Stoke, akarudi, wakampokea. (Wamama wengine hapa mnamjua mwanaume wa aina hiyo, tusitaje majina.) Wakamchukua Rob Edwards, ambaye Watford, watani wao wa jadi, walikuwa wamemfukuza Septemba hiyohiyo baada ya mechi chache tu. Yaani wamechukua aliyetupwa na jirani. Na huyo ndiye akawafikisha nafasi ya tatu kwa pointi 80. Burnley walichukua ubingwa kwa pointi 101 na Sheffield United wakawa wa pili, hao wakapanda moja kwa moja. Luton ikabidi waende kuchujana.

Hapo niwaache kidogo, nirudi nyumbani.

Pasaka ya 2023 niliteremka Kasanga. Nyie mnaokaa huku juu kwenye baridi mnajua raha ya kushuka ile barabara ya Matai unaanza kuvua sweta moja moja, mpaka unaliona ziwa. Jioni watoto wanacheza mpira mchangani, mimi nimekaa na shangazi tunakata migebuka. Kipa alikuwa na miaka 11. Yuko golini. Anadaka vizuri kwa kweli, anaruka, ila kila akiruka mara mbili anainama, anashika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Nikamwambia shangazi, yule mtoto anapumua vibaya. Shangazi akasema, "Aa, yule mvivu. Zamani alikuwa mshambuliaji, akawa anachoka, wenzake wakamtoa wakamweka golini."

Wamama, hebu isomeni tena hiyo sentensi. Alikuwa mshambuliaji, akawa anachoka. Mtoto wa miaka 11 hachoki kabla ya wenzake bila sababu, na uvivu sio sababu. Mtoto mvivu umtume dukani utauona uvivu wake. Kwenye mpira hana uvivu.

Nikaenda kwa mama yake. Tukaongea taratibu, maana ukimjia mzazi kwa kasi anajifunga. Akaniambia mwaka juzi yake mtoto alisumbuliwa sana na koo. Mafindofindo, homa, hawezi kumeza. Wakampeleka kwa mzee mmoja akakatwa kimeo. Koo likapoa. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuumwa viungo: leo goti la kulia limevimba, keshokutwa goti limepona kifundo cha mguu kinauma, halafu kiwiko. Na homa. Akapelekwa kituo fulani akatibiwa malaria, akatibiwa tena malaria, mara ya tatu akaambiwa ni taifodi. Ikaisha yenyewe. Ila tangu hapo akawa "mvivu".

Mimi nina diploma ya uuguzi, sio daktari wa moyo. Lakini maumivu yanayohama kiungo kwa kiungo baada ya koo, kwa mtoto wa umri wa shule, hilo tulifundishwa na nimeliona wodini si mara moja. Nikaweka mkono kifuani kwake, moyo unapiga kama umetoka kukimbia wakati amekaa kwenye mkeka, ule wa kukalia. Nikamwambia mama: huyu aje hospitali, sio siku akizidiwa, aje wiki hii.

Alikuja katikati ya Mei. Msimlaumu. Baba yake mvuvi, dagaa walikuwa hawaonekani kipindi kile, na nyumbani kuna watoto wengine wanne. Alipofika miguu ilikuwa imevimba na usiku halali chali, analala ameegemea ukuta. Daktari akamsikiliza kifua muda mrefu, akaniita na mimi nisikilize. Moyo wa kawaida unasema tu-dup, tu-dup. Wa Kipa katikati ya hizo sauti kulikuwa na mvumo, kama upepo unapita kwenye mlango usiofunga vizuri. Na ndicho kilichokuwepo hasa. Moyo una milango yake, tunaiita valvu, inafunguka damu ipite na kufunga isirudi. Ya Kipa ilikuwa haifungi.

Nieleze kwa kifupi, hii ndiyo sehemu mama yake aliyotaka niiandike. Kuna bakteria wanaoshambulia koo la watoto, zaidi wenye miaka 5 hadi 15. Wakitibiwa vizuri kwa antibayotiki, yanaisha. Wasipotibiwa, kwa baadhi ya watoto, wiki mbili hadi nne baadaye mwili unaanza kujishambulia wenyewe: viungo, wakati mwingine ngozi, na milango ya moyo. Viungo vinapona. Milango ya moyo inabaki na makovu. Kimeo hakihusiki kabisa, jamani. Kukata kimeo hakuui hao bakteria, kunaongeza kidonda, damu na hatari ya maambukizi mengine. Koo linauma ghafla, kuna homa, tezi za shingo zimevimba, na mtoto hana mafua wala kikohozi: mpeleke akaonwe, na akipewa dawa za siku kumi azimalize siku kumi hata kama siku ya tatu anaimba. Msimpe vidonge vilivyobaki vya mwaka jana vya baba yake.

Haya. Kipa akalazwa, akaanza dawa za kupunguza maji mwilini, akapata nafuu. Ikapangwa Jumatatu ya tarehe 29 Mei aende Mbeya kwa kipimo cha moyo, ile ultrasaundi ya moyo wengine wanaiita eko. Na Jumamosi tarehe 27 Mei, mimi nina zamu ya usiku wodi ya watoto, ilikuwa fainali ya Luton na Coventry.

Nusu fainali Luton walikuwa wamefungwa 2-1 na Sunderland ugenini, wakarudi kwenye uwanja wao wa kamba za nguo wakashinda 2-0. Goli moja lilifungwa na nahodha, beki, Tom Lockyer, Mwelisi. Kipa alikuwa anajua yote hayo kwa kichwa. Alikuwa hajui dawa zake zinaitwaje ila Lockyer anamjua.

Mdogo wangu aliniletea chai na maandazi, akabaki na simu yake kwenye kitanda cha Kipa. Bando la mawazo, picha inakwama, inaruka. Mama Kipa amelala chini kwenye kitenge. Nilipita kumpima Kipa mapigo, na nikiwa nimemshika mkono hivi, mdogo wangu akasema, "Ee! Kaanguka."

Ni dakika za mwanzo kabisa za mechi. Lockyer, nahodha, ameanguka chini. Hakuna aliyemgusa. Hakuna mpira karibu. Ameanguka mwenyewe kama mtu aliyekatwa umeme. Wahudumu wakakimbia, wakamzunguka, akatolewa kwa machela. Mimi ni nesi, mtu kuanguka sio kitu kigeni kwangu. Lakini vidole vyangu vilikuwa kwenye mshipa wa Kipa na nikausikia unakimbia.

Akaniuliza, "Anti, moyo?"

Nikamwambia sijui, wenyewe watampima.

"Na mimi nitaanguka hivyo?"

Kuna majibu tunayowapa watoto ili walale. Lile sikuweza kumpa. Nilimwambia sijui kama utaanguka, ndiyo maana Jumatatu tunaenda Mbeya, na leo usiku mzima mimi niko hapa. Akafikiria. Akasema sawa. Akarudi kwenye simu.

Mdogo wangu alitaka kuizima. Kipa akakataa. Nami sikumlazimisha, maana nilitaka aone kitu kinachofuata, na kilichofuata ni kwamba mechi iliendelea. Luton wakafunga dakika ya 23, Jordan Clark. Kipindi cha pili Coventry wakasawazisha, Hamer. Dakika za nyongeza zinakaribia kuisha Luton wakafunga tena, mdogo wangu akaruka akagonga stendi ya dripu, nikamfukuza nje ya wodi, goli likakataliwa kwa kuwa mpira uligusa mkono. Akaruhusiwa kurudi kwa sharti la kukaa chini.

Penati. Kipa akakaa wima kabisa. Penati tano za kila upande zote ziliingia. Marvelous Nakamba, Mzimbabwe, alifunga ya kwake. Ya sita ya Luton ikaingia. Ya sita ya Coventry akapiga Fankaty Dabo, ikapaa juu ya lango. Imekwisha, 6-5, Luton Ligi Kuu. Wachezaji wakainua jezi ya nahodha wao. Baadaye tukaambiwa yeye mechi iliyobaki aliiangalia akiwa kitandani hospitali.

Mnajua Kipa alisema nini? Hakusema "tumeshinda". Alisema, "Anti, kipa wa Luton hajadaka hata moja."

Ni kweli. Ethan Horvath hakuokoa penati hata moja usiku ule. Kipa aliliongea hilo mpaka alipopitiwa na usingizi, ameegemea mito miwili. Nadhani lilimpa raha fulani, kwamba unaweza kusimama tu pale golini na bado ukapanda daraja.

Mbeya waliona valvu moja inavuja, ya upande wa kushoto, na moyo umeanza kutanuka kidogo. Wakasema haijafika mahali pa kupasuliwa, ila ataendelea kuangaliwa, na ikibidi huko mbele ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kilichoamuliwa pale ni sindano: benzathine penisilini, kila baada ya wiki nne, angalau miaka kumi. Haitengenezi valvu iliyoharibika. Inazuia koo lingine lisije kuiharibu zaidi. Sindano 13 kwa mwaka, na inauma jamani, ni dawa nzito, mguu unaweza kuuma hadi kesho yake. Mama yake alipopiga hesabu ya miaka kumi alikaa chini kwenye korido. Kipa akauliza, "Kwa hiyo kila msimu ni mechi 13?" Ndo ikawa hesabu yake.

Lockyer naye alikutwa na tatizo la mapigo ya moyo kwenda bila mpangilio, akafanyiwa matibabu, akarudi uwanjani msimu ulipoanza. Ligi Kuu! Kasanga walishangilia kama yeye ni mtoto wa bandarini. Halafu tarehe 16 Desemba 2023, wanacheza na Bournemouth, kipindi cha pili, akaanguka tena. Safari hii moyo ulisimama. Mchumba wake alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Wahudumu walimfikia haraka, wakamkandamiza kifua, wakatumia kifaa cha kuushtua moyo, ukarudi. Mechi ikavunjwa. Akawekewa kifaa kidogo kifuani cha kuushtua moyo ukikosea tena.

Nilifikiria sana kama nimwambie Kipa. Alishajua, boti za Kongo zina redio. Aliniuliza swali moja tu: "Na huku kwetu mtu akianguka uwanjani nani anamkimbilia?"

Huku kwetu, mtu akianguka, wa kwanza anakimbilia kitunguu, wa pili kiatu cha kunusisha, wa tatu anamwagia maji mdomoni, na wa nne anataja jina la jirani. Siwatanii, mmeona wenyewe. Kwa hiyo Krismasi ile nilishuka Kasanga na gunia la pumba, nikawakusanya vijana wa timu na wamama waliokuwa wanauza samaki, tukafanya mazoezi mchangani. Ameanguka, humsikii akijibu, hapumui au anakoroma kama anakata roho: mmoja akimbie kuita msaada na usafiri, wewe piga magoti, kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama, mkichoka pokezaneni. Hiyo ni kwa mtu mzima na kijana mkubwa. Kwa mtoto mdogo kuna utaratibu wake, nitauandika peke yake. Kifaa cha kushtua moyo Kasanga hakuna kiwanjani, mikono ipo. Bibi mmoja muuza dagaa ndiye aliyekandamiza vizuri kuliko vijana wote, gunia lilipasuka.

Na mtoto akizimia akiwa anakimbia, hata kama ameamka baada ya nusu dakika anacheka, huyo aonwe na daktari. Akizimia akiwa amesimama juani parade ya shule bila kunywa chai, mara nyingi ni jambo jingine. Akizimia katikati ya mbio, usikubali kuambiwa ni njaa kabla moyo haujasikilizwa.

Mwaka 2024 ulitubana. Luton walimaliza Ligi Kuu wakiwa wa 18, wakashuka. Mwezi huohuo wa Mei ziwa likafungwa kwa uvuvi, kutoka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Sipingi, samaki walikuwa wanakwisha kweli. Lakini baba mvuvi bila ziwa ni nauli bila mfuko, na kupanda huku na kurudi kila wiki nne kukawa mzigo. Tulihangaika mpaka sindano ikaanza kutolewa karibu na nyumbani, na mwenzangu mmoja wa kule anayeijua vizuri, anayekaa na mtoto muda unaotakiwa baada ya kuchoma. Mechi za Juni, Julai na Agosti zote zilichezwa. Nina kadi yake hapa kwenye simu, nimeipiga picha, hakuna pengo.

Sasa ana miaka 13. Anadaka jioni na wenzake, akichoka anakaa, na wenzake wameacha kumwita mvivu, wanamsubiri. Mashindano ya shule daktari amemkatalia, alilia siku mbili. Kipimo cha mwisho valvu bado inavuja vilevile, haijazidi, miguu haivimbi, analala chali.

Wiki iliyopita alinitumia sauti kwenye simu ya mama yake anauliza msimamo wa ligi. Nikamjibu kwamba Luton walishuka tena, Mei 2025 walimaliza wa 22 Championship, wakaangukia daraja la tatu. Nilidhani atahuzunika. Akanijibu, "Walishawahi kuwa la tano." Halafu akasema yake ya 31 ni Alhamisi, na nimwambie yule sista wa kule achome mguu wa kushoto, kwa sababu Ijumaa ana mechi na anaangukia kulia.

Wenye maswali ya koo na viungo niandikieni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Sehemu ya nane, mafua na kikohozi, Jumapili.